Frederick Mahomed, daktari aliyesoma presha ya moyo kwenye kifundo cha mkono

Ukipita Jogoo Road siku ambayo kuna hema la kupima afya bure, utaona foleni. Akina mama wa sokoni, wazee wawili watatu, labda kondakta mmoja aliyeburutwa na mamake. Vijana wa rika lako wanapita mbali wakiangalia simu. Presha ni ya wazee, si ndiyo? Basi tulia kidogo nikupe stori ya msee mmoja aliyezaliwa mwaka wa 1849 na kufa akiwa na miaka 35 tu. Hilo swali lako alishalijibu kitambo.

Jina lake kamili ni refu kama foleni ya Huduma Centre: Frederick Henry Horatio Akbar Mahomed. Mtaani hajulikani, lakini ukimtaja mbele ya daktari wa moyo anayejua historia ya kazi yake, utaona akitabasamu. Huyu ndiye aliyeonyesha kwamba presha inaweza kupanda kabla mtu hajaugua chochote. Na alifanya hivyo kabla ule mkanda wa kufunga mkononi haujavumbuliwa. Alitumia kifundo cha mkono tu, kalamu ya chuma na karatasi yenye masizi.

Mjukuu wa hasla kutoka Patna

Kumwelewa Frederick, anza na babu yake. Sake Dean Mahomed alizaliwa Patna, India, mwaka wa 1759. Akaingia jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, kisha akahamia Ireland na kuoa msichana wa huko. Mwaka wa 1794 akatoa kitabu kuhusu safari zake, na kikawa kitabu cha kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza na Mhindi. Mwaka wa 1810 akafungua mkahawa wa chakula cha Kihindi jijini London. Biashara ikaanguka, akafilisika.

Wengi wangerudi ushago. Yeye alienda Brighton, mji wa pwani, akaanzisha bafu za mvuke na huduma ya kukanda mwili. Mambo yakaiva. Wateja wake wakawa hadi wafalme, George IV na William IV. Mwanawe, babake Frederick, naye akashika njia hiyo ya mwili na jasho: bafu, ukumbi wa mazoezi na mafunzo ya kupigana kwa upanga.

Kwa hivyo Frederick alikulia Brighton kwenye familia iliyokula kwa kutunza miili ya watu. Mwaka wa 1869, akiwa na miaka 20, alijiunga na hospitali ya Guy's jijini London kusomea udaktari. Hebu fikiria kuingia wodi za London ya wakati huo ukiitwa Akbar Mahomed. Alichokuwa nacho ni kichwa, mikono myepesi na haraka ya kazi.

Kalamu juu ya masizi

Enzi hiyo daktari akitaka kujua presha yako alikushika mkono, akabonyeza mshipa kwa vidole, akasema mpigo wako ni mgumu au ni laini. Basi. Daktari wa pili angekuja aseme kingine, na hakuna ambaye angeweza kuthibitisha.

Mfaransa Étienne-Jules Marey alikuwa ameunda kifaa bora zaidi mwaka wa 1860, sfigmografu. Unakifunga kwenye kifundo cha mkono, pale unapohisi mpigo ukiweka vidole chini ya kidole gumba. Springi inakandamiza mshipa. Mshipa ukituta, unainua mkono mwembamba wa chuma, na ncha yake inakwaruza karatasi iliyopakwa masizi inayosukumwa na mtambo kama wa saa. Unabaki na mchoro wa vilima, kilima kimoja kwa kila pigo la moyo.

Shida ilikuwa springi. Ukikaza sana, kilima kinabadilika. Ukilegeza, kinabadilika tena. Kwa hivyo mchoro wa leo na wa kesho haukuweza kulinganishwa. Frederick, akiwa bado mwanafunzi, akaongeza skrubu yenye kipimo cha kuonyesha mshipa umekandamizwa kwa uzito gani hasa. Sasa angeweza kusema mpigo huu umehitaji uzito kadhaa kuutuliza, na ule umehitaji zaidi. Kutoka kwa maoni ya vidole hadi namba. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya wanafunzi ya Guy's mwaka wa 1871, na mwaka uliofuata akaichapisha kwenye jarida la madaktari. Alikuwa na miaka 23. Mimi niliyeachia chuo katikati niliposoma hapo nilinyamaza kidogo.

Lakini namba ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa umbo la kile kilima.

Mwangwi ndani ya mishipa

Hii sehemu usiruke, ndiyo utamu wenyewe.

Moyo ukisukuma damu, wimbi linatoka kwenye mshipa mkuu kifuani na kukimbia hadi vidoleni na miguuni. Likifika pale mishipa inapogawanyika na kuwa myembamba, sehemu ya wimbi inagonga na kurudi nyuma. Ni kama mwangwi. Simama katikati ya ploti mbili za ghorofa saba kule Pipeline, pale ambapo jua halifiki chini, uite rafiki yako wa juu. Sauti inagonga ukuta, inakurudia.

Kwa kijana mwenye mishipa laini inayonyumbuka, wimbi linaenda polepole. Mwangwi unaporudi kifuani, moyo umeshamaliza kusukuma na kufunga mlango wake. Hakuna noma. Lakini mishipa ikikakamaa, kwa umri au kwa presha ya muda mrefu, wimbi linakimbia kama mathree ya usiku. Mwangwi unarudi moyo ukiwa bado katikati ya kazi. Moyo unasukuma mbele, wimbi linaurudisha nyuma. Misuli yake inalazimika kutumia nguvu zaidi, na baada ya miaka inanenepa na kuchoka.

Frederick hakuwa na maelezo yote haya; waliomfuata ndio waliyakamilisha. Lakini aliona alama yake kwenye karatasi. Kilima cha mpigo kina kilele cha kwanza chenye ncha, kisha bega linalofuata. Kwa watu wenye presha ya juu, lile bega linavimba, linapanda, na kilima kinakuwa kipana. Aliwaonyesha madaktari wenzake kwamba kutoka kifundo cha mkono unaweza kujua mzigo ambao moyo umebeba ndani huko, bila kumpasua mtu.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi hadi leo. Presha ya mkononi na presha ya kwenye mshipa mkuu karibu na moyo si kitu kimoja. Kwa sababu ya hayo mawimbi, ile namba ya juu huongezeka kadiri wimbi linavyoenda mbali na moyo. Kwa kijana, namba ya mkononi inaweza kuizidi ya kifuani kwa milimita 10 za zebaki au hata zaidi. Kwa mzee, tofauti hiyo hupungua. Kwa hivyo wewe na nyanya yako mnaweza kupimwa mkononi mkapata 130 nyote wawili, na bado moyo wa nyanya ukawa umebeba mzigo mzito kuliko wako. Namba ya mkononi ni habari iliyosafiri, na njiani imebadilika.

Presha ndiyo iliyotangulia

Wakati huo madaktari waliamini mambo kwa mpangilio mmoja. Richard Bright, pia wa Guy's, alikuwa ameonyesha miongo kadhaa mapema kwamba watu wenye ugonjwa wa figo, wenye protini kwenye mkojo, mara nyingi walikuwa na moyo ulionenepa. Kwa hivyo figo zilionekana ndizo mwanzo wa balaa, na mpigo mgumu ukawa matokeo tu.

Frederick aliwafuatilia wagonjwa wa homa nyekundu, ugonjwa uliokuwa ukiharibu figo za wengi. Aliwapima mpigo siku baada ya siku na kupima mkojo wao. Akaona presha inapanda kwanza, kabla mkojo haujaonyesha chochote. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1874.

Kisha akaenda mbali zaidi. Katika miaka iliyofuata alieleza kuhusu watu wasio na ugonjwa wowote wa figo, wanaotembea, wanaokula, wanaoenda kazini, na mpigo wao unaonyesha presha ya juu mwaka baada ya mwaka. Wakijiona wako poa. Baadhi yao baadaye wakaharibikiwa moyo, figo au ubongo. Leo hii ndiyo aina ya presha inayowapata watu wengi zaidi duniani, ile isiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Yeye alikuwa kati ya wa kwanza kuichora.

Ona uzito wa jambo hilo. Kama figo ndizo zinazotangulia, unangoja mtu augue ndipo umtibu. Kama presha ndiyo inayotangulia, kumngoja augue ni kuchelewa.

Maisha ya mbio

Usidhani alikuwa amekaa na kifaa chake tu. Alifanya kazi hospitali ya homa ya London, akawa mwalimu St Mary's, kisha akarudi Guy's. Huku akiwa daktari tayari, akajiandikisha Cambridge, akawa anapanda treni kutoka London ili apate shahada ya huko, na akaipata mwaka wa 1881.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mkewe wa kwanza, Ellen, alifariki mapema na kumwachia watoto wadogo. Baadaye Frederick alimwoa Ada, dadake Ellen. Sheria ya Uingereza wakati huo ilikataza mtu kumwoa shemeji yake hata kama mke amekufa, kwa hivyo ndoa ikafungwa nje ya nchi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliongoza mpango mwingine uliokuwa mbele ya wakati wake. Aliwaza hivi: daktari mmoja anaona wagonjwa wachache, lakini madaktari wa nchi nzima wakijaza kadi zenye maswali yaleyale, mtaona mambo ambayo hakuna hata mmoja angeyaona peke yake. Chama cha Madaktari cha Uingereza kikakubali, kadi zikatumwa, majibu yakaanza kuja. Leo utafiti wa kukusanya taarifa kutoka hospitali nyingi ni jambo la kawaida. Wakati huo lilikuwa jambo geni.

Kisha ikaja taifodi. Ndiyo, ileile unayoijua wewe, ya maji machafu na chakula kilichoshikwa na mikono isiyonawa. Ilimuua tarehe 22 Novemba 1884. Antibiotiki ya kwanza ya kuitibu ingekuja zaidi ya miaka 60 baadaye. Mtu aliyetumia maisha yake kueleza ugonjwa unaoua polepole aliondolewa na ule unaoua kwa wiki chache.

Namba ikashinda mchoro

Mwaka wa 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitoa mkanda wa kujaza hewa unaofungwa kwenye mkono wa juu. Mwaka wa 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda huo na kupata namba mbili, ya juu na ya chini. Ilikuwa rahisi, haraka, na nesi yeyote angeweza kujifunza. Hatuwezi kuilaumu, imeokoa watu wasiohesabika.

Ila michoro ya Frederick iliwekwa kabatini. Umbo la mpigo likasahaulika kwa muda wa karibu karne nzima, na jina lake likafifia nalo.

Aliyefukua hayo mambo ni daktari wa Australia, Michael O'Rourke. Yeye na wenzake wa Sydney walirudi kwenye kifundo cha mkono, safari hii na kihisio kidogo kama kalamu na kompyuta. Walilinganisha mawimbi ya mkononi na yale yaliyopimwa moja kwa moja karibu na moyo kwa mrija mwembamba, wakati wagonjwa wanachunguzwa hospitalini. Wakatengeneza hesabu ya kugeuza wimbi la mkononi kuwa wimbi la kifuani, na kuichapisha mwaka wa 1993. Siku hizi mashine inaweza kukukisia presha ya mshipa mkuu bila sindano. Hesabu hiyo ina sharti moja: bado inaanza na namba ya mkanda wa mkononi. Mkanda ukidanganya, kompyuta nayo inadanganyika.

Je, ina maana yoyote kwa mgonjwa? Mwaka wa 2006 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CAFE, uliofanywa ndani ya utafiti mkubwa zaidi wa ASCOT wenye watu zaidi ya 19,000. Watu zaidi ya 2,000 walipimwa kwenye kifundo cha mkono. Kundi moja lilikuwa kwenye dawa za zamani zikianza na atenololi, lingine kwenye dawa mpya zaidi zikianza na amlodipini. Mkononi, tofauti ya makundi hayo ilikuwa chini ya milimita moja. Karibu na moyo, kundi la amlodipini lilikuwa chini kwa milimita 4.3. Na katika ASCOT, kundi hilo ndilo lililopata kiharusi kwa uchache. Mkanda wa mkononi haukuwa umeona tofauti hiyo. Mbinu ya kifundo cha mkono iliiona. Frederick angecheka tu.

Usikimbie kubadilisha dawa za mzee wako kwa sababu ya hii stori, tafadhali. Hiyo ni kazi ya daktari wake.

Inafikaje Eastlands?

Inafika kwa njia ya moja kwa moja kuliko unavyofikiri. Wawili kati ya vigogo wa ASCOT, Peter Sever na Neil Poulter, walikuwa wa St Mary's, hospitali ileile alikofundisha Frederick. Na kabla ya hapo walikuwa wamefanya utafiti hapa kwetu Kenya, pamoja na mwanafiziolojia wetu Mutuma Mugambi.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1929 daktari mmoja wa kikoloni, C. P. Donnison, aliandika kutoka Kisii kwamba katika Waafrika aliowapima hakuona ugonjwa wa presha, na kwamba presha za wazee zilikuwa zikishuka badala ya kupanda. Kwa hivyo hii haikuwa laana ya ngozi yetu wala ya damu yetu. Ilikuja baadaye, kutoka mahali fulani.

Timu ya Poulter ikauliza: kutoka wapi? Wakawafuatilia Wajaluo waliohama vijijini Nyanza kuja Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Presha ilianza kupanda katika miezi ya kwanza tu ya kuishi mjini. Si miaka, miezi. Chumvi kwenye mkojo wao ilikuwa imeongezeka, potasiamu, ile inayotoka kwa mboga na matunda, imepungua, uzito umepanda, na moyo unapiga kwa kasi zaidi.

Labda babu yako ni mmoja wa wale walioshukia Machakos Country Bus na begi moja, wakaelekea Kaloleni, Makongeni au Shauri Moyo. Labda ni wewe, mwaka juzi, ukielekea Kayole. Chips za jioni zenye chumvi ya kumwagwa, smokie ya asubuhi, usingizi wa saa nne kwa sababu ya klabu ya jirani, mawazo ya rent. Mwili unahesabu hayo yote kimyakimya, na hakuna maumivu ya kukuonya.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Wanatembea, wanakula, wanaenda kazini, wakijiona wako poa. Frederick aliwachora watu wa aina hiyo miaka zaidi ya 140 iliyopita.

Mashine ya kukisia presha ya kifuani hutaipata duka la dawa la mtaa, na madaktari bado wanaamua matibabu kwa namba ya mkononi. Hiyo inatosha kuanzia, mradi ipimwe vizuri. Nenda Mama Lucy, zahanati iliyo karibu, au mwombe mhudumu wa afya ya jamii anayepita mlango kwa mlango. Wengi wao sasa wanabeba mashine. Usiende umetoka kukimbia, kuvuta sigara au kunywa kahawa. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa kifua, na usipige stori wakati mkanda unajaa hewa. Pimwa mara mbili. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, usipaniki na usikimbie, rudi siku nyingine upimwe tena, na ikibaki hapo umwone daktari.

Na wewe mwenye miaka 22, ukipata 135 ya juu na ya chini iko sawa, unajua sasa kwamba mkono wa kijana huwa unaongeza chumvi kwenye stori. Hiyo isiwe sababu ya kutorudi. Andika namba zote mbili na tarehe kwenye simu, ili mwaka ujao uwe na kitu cha kulinganisha.